Sakafu Tuliyohama Nayo

Mama alikuwa na vidole kumi vya miguu kama watu wote, lakini kucha alikuwa nazo saba. Tatu zilikwenda na funza katika miaka ya mwanzo ya ndoa yake, alipokuwa akiishi katika nyumba ya udongo kwenye mji wa babu, ukuta mmoja na zizi la mbuzi. Kidole kidogo cha mguu wa kulia kilipona kikiwa kimejikunja chini, na tangu hapo alikanyaga kwa ukingo wa nje wa mguu huo. Niliweza kuzitambua nyayo zake njiani hata wanawake ishirini wakiwa wamepita na ndoo kutoka mtoni.

Nayataja haya mwanzoni kwa sababu, bila hayo, mtu hawezi kuelewa kwa nini mwaka ule wa kuhamia vijiji watu wengine walibeba mabati na milango, na sisi tukabeba sakafu.

Nyumba yetu ilikuwa upande wa Nyambureti, kando ya barabara ya malori. Ilijengwa na mfanyabiashara wa Kihindi aliyekuwa akinunua pamba na ngozi na kuuza chumvi, mafuta ya taa na kaniki. Alipoamua kwenda kuishi Musoma, miaka michache kabla ya Uhuru, baba aliichukua nyumba kwa ng'ombe. Chumba cha duka kilikuwa cha saruji tupu, tukakifanya ghala. Vyumba viwili vya nyuma vilikuwa na vigae. Sebuleni vilikuwa na maua ya bluu na njano, kila vigae vinne vikikutana kufanya ua moja. Chumba cha kulala kilikuwa na vigae vyekundu visivyo na pambo. Hivyo vya chumbani navijua kwa sababu kabla sijatahiriwa nilikuwa nikilala humo, na joto la mchana lilipozidi nilikuwa nikilaza shavu juu yake.

Mama aliwahi kunisimulia kwamba jioni ya kwanza katika nyumba ile alitembea peku kutoka chumba hadi chumba, akarudi, akatembea tena, mpaka baba akamwuliza anatafuta nini. Hakuwa anatafuta kitu. Tangu siku hiyo, kwa miaka kumi na mitano, hakuchokoa funza hata mmoja mguuni mwake.

Kijiji kipya kilikuwa mwendo wa saa tatu kwa miguu, kuelekea Manchira. Viwanja vilipangwa kwa mistari na kila familia ilionyeshwa vigingi vyake. Tulitakiwa tuwe huko kabla ya mvua za kupandia. Baba alikuwa balozi wa nyumba kumi, na alikwisha kusema kwamba balozi hawezi kuwa mtu wa mwisho kuhama. Alijenga kuta za miti na udongo kabla ya wote, akaacha juu wazi, kwa kuwa mabati yalikuwa bado juu ya nyumba ya zamani. Ndani kulikuwa na udongo mwekundu uliopondwa kwa miguu.

Mama alikwenda kuiona mara moja. Alirudi na kumwambia baba kwamba anataka sakafu yake. Mimi sikuwepo, nilikuwa nikifundisha shule ya msingi Tarime. Baadaye niliwauliza wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake, na maelezo yao yalilingana isipokuwa mahali pamoja: mama alisema baba alicheka, baba alisema hakucheka. Alichosema baba ni kwamba sakafu ni ardhi, na ardhi wanayoiacha na ardhi wanayoiendea ni ileile. Mama akamjibu kwamba ardhi ni ileile, ila miguu si ya baba. Hapo baba aliweka sharti. Lori la serikali lingekuja Jumamosi asubuhi.

"Kitakachokuwa nje kitapakiwa," alisema. "Kitakachokuwa bado chini kitabaki chini."

Ujumbe ulinifikia kwa mdomo wa utingo wa lori la mahindi: niombe ruhusa shuleni, nije, na nisije bila shemeji.

Shemeji huyo alikuwa fundi mwashi wa Bomani, Tarime mjini. Alikuwa Mwislamu, mzaliwa wa Pangani, aliyekuja bara akiwa kijana na kufuata majengo kutoka mji hadi mji. Sakafu ile ya Mhindi aliiweka yeye. Wakati akiiweka, binti mmoja alikuwa akimletea maji ya kuchanganyia saruji, na kazi ilipokwisha alimwoa. Binti huyo alikuwa mtoto wa dada mkubwa wa mama yangu. Kwa hesabu ya ukoo, basi, mama alikuwa mama mkwe wake, ingawa fundi alimzidi umri kwa miaka isiyopungua minane. Kila walipokutana mzee huyo mwenye mvi aliinamisha kichwa, akatazama pembeni na kusema, "Shikamoo, mama," na mama alijibu, "Marahaba, mkwe," bila kuona ajabu yoyote. Ndugu zake wa Pangani walipomtembelea walikuwa wakimcheka kwa hilo. Alikuwa akiwaambia kwamba aliyeoa kwa watu huoa na adabu zao.

Tulifika Jumatatu jioni. Alikuja na mfuko wa turubai uliokuwa na tindo tatu, nyundo mbili, kisu kilichokatika ncha na kipande cha tairi cha kupigia magoti. Kabla ya kula alipima. Tulikuwa tumepitia kijiji kipya, na kwa kamba yenye mafundo alikuwa amepima chumba cha kulala cha mama: mistari kumi na mitano, kila mstari vigae kumi na viwili. Mama alitaka chumba hicho kimoja tu. Vilihitajika vigae mia moja na themanini vizima.

"Chini ya kitanda tuache udongo," fundi alishauri. "Tutaokoa vigae hamsini."

Mama alikataa. Alisema chini ya kitanda ndiko funza wanakozaliwa, kwa kuwa jua halifiki na ufagio haufiki. Kuweka sakafu pembeni na kuwaachia katikati ni kuwajengea.

Jumanne asubuhi tulianza sebuleni. Fundi alianzia kizingitini, palipokuwa na kigae kilichopasuka siku nyingi, akakitoa vipandevipande ili apate mlango wa kuingizia tindo. Kila mstari alikata kwanza saruji ya kwenye maungio kwa kile kisu. Kisha alilaza tindo, karibu sambamba na ardhi, na kugonga taratibu pande mbili kabla ya kuinua. Kazi ilikuwa ya uvumilivu, na matokeo yalikuwa mabaya. Vigae vile vilikuwa vimeshikwa na saruji nyingi kiasi kwamba kabla ya kung'oka vilipasuka katikati. Tulisikia mlio mkavu, fundi akatikisa kichwa, akahamia kinachofuata.

Vile vilivyopona nilivipanga ukutani na kuandika mgongoni mwa kila kimoja, kwa chaki niliyokuja nayo kutoka shuleni, herufi ya mstari na namba ya nafasi yake. Nilifanya hivyo kwa siku nzima na nilijiona mtu wa maana. Jioni fundi alivikusanya na kuvitumbukiza vyote ndani ya pipa la maji ili saruji iliyokauka mgongoni ilainike. Nilipopiga kelele kuhusu namba, alinitazama kwa huruma.

"Shemeji mwalimu, hao ni mapacha," alisema. "Ukiwapa majina utachoka wewe, wao hawataitika."

Mama alicheka mpaka akakaa chini. Kilikuwa kicheko cha mwisho kwa muda, kwa sababu Jumatano saa sita mchana sebule ilikuwa imekwisha na tulihesabu. Kati ya vigae karibu mia mbili, vizima vilikuwa thelathini na nane. Mama aliviangalia. Kisha alichukua gunia, akaanza kuokota vipande vilivyovunjika na kuvitia humo kimoja kimoja, vikubwa kwa vidogo. Nilimwuliza vya nini. Alisema hajui bado.

Habari ilikwisha kuenea. Waliopita barabarani na mizigo yao walisimama kututazama. Bibi mmoja jirani aliuliza kama balozi anang'oa nyumba yake meno. Mwingine aliuliza kama na kivuli cha mti wa uani tumekifungia mzigo.

Fundi alikula ugali wake. Alipomaliza kunawa aliniita pembeni, na ndipo aliponieleza jambo ambalo, alisema, hakuwahi kumwambia mtu isipokuwa mkewe. Alipokuwa akiweka sakafu ile, mifuko miwili ya saruji ililowana ndani ya lori na kuganda. Sebule ilikuwa imekwisha, tena Mhindi alikuwa akikaa juu ya kiti akiangalia kila kigae. Chumba cha kulala kilibaki, na saruji iliyobaki haikutosha. Basi alichanganya mchanga na chokaa, akatia saruji kidogo kama mtu anavyotia chumvi kwenye mboga, akaweka vigae, akanyamaza. Ni chumba ambacho wageni hawaingii, alijiambia. Kwa miaka zaidi ya ishirini, kila alipopita barabara ile alikuwa akigeuza uso upande wa pili.

"Ile kazi mbaya," alisema, "ndiyo itakayompa mama sakafu. Vya chumbani vitatoka kama maandazi."

Nilikwenda kumwambia mama vigae vya chumbani ni rahisi kutoka, nikaacha sehemu ya saruji. Alifurahi. Halafu kila mmoja wetu watatu aliliona jambo lilelile, na hakuna aliyetaka kulisema.

Kwetu mwanamume aliyetahiriwa haingii mahali anapolala mama yake. Tangu nilipotoka jando sikuwa nimevuka pazia la chumba kile, hata mama alipougua. Nilikuwa nikizungumza naye nikiwa nimesimama sebuleni. Kwa mkwe ni zaidi ya hapo. Mkwe akikiona kitanda cha mama mkwe wake kikiwa mahali anapolala, aibu hiyo haina maji ya kuioshea. Mwanamume aliyeweza kuingia alikuwa baba peke yake, na baba alikuwa na nyumba kumi za kuhamisha, tena alikwisha kusema lake kuhusu sakafu.

Fundi alijaribu njia. Alisema kitanda kitolewe nje. Kikishatoka, chumba ni chumba tu. Mama alimjibu pole pole, kama anayemfundisha mgeni, kwamba kitanda cha mwanamke aliye hai hakiwekwi uani kikasubiri. Watu wakikiona uani wanauliza amekufa saa ngapi. Kitanda kinatoka siku ya kuhama, na kikitoka kinakwenda.

Kisha akamgeukia na kumchokoza. "Lakini wewe si mtu wa pwani? Ya kwetu yanakuhusu nini? Ingia ufanye kazi."

"Nilikuwa mtu wa pwani, mama," fundi alisema, macho yakiwa ukutani. "Sasa nikiingia humo, jioni nitakula kwa nani?"

Mama aliinuka. Alichukua tindo ndogo na nyundo nyepesi, akavipima mkononi kama anavyopima mwiko wa ugali, na kusema atavitoa mwenyewe. Tangu Jumanne alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni akitutazama. Nilidhani anahesabu hasara. Kumbe alikuwa akisoma kazi.

Utaratibu tuliouweka alasiri hiyo ulikuwa hivi. Mama alikuwa ndani, pazia limeshushwa. Mimi nilipiga magoti sebuleni mbele ya pazia, mahali palipokuwa na maua ya bluu na sasa palikuwa na kokoto. Gunia lilipita chini ya pazia. Mama aliweka kigae juu yake upande wake, nikalivuta, nikachukua kigae, nikalirudisha. Fundi alikaa nje, juu ya debe lililogeuzwa, chini ya dirisha la chumba. Ubao wa dirisha ulifungwa na yeye akaupa mgongo. Hakuona kitu. Alisikiliza.

Kabla ya kugusa kigae chochote mama alikigonga mara mbili kwa mpini wa nyundo. Fundi alisikiliza na kutoa hukumu ya neno moja. Kigae kilichokuwa na hewa chini yake kililia wazi, na hicho alikiita mtungi. Kilichoshika kilitoa sauti ya kuzibwa, na hicho alikiita blanketi.

"Mtungi," alisema kutoka nje. "Laza tindo, mama. Laza zaidi. Ingia kwenye kona, usiingie katikati."

Tukasikia gonga, gonga, kisha mkwaruzo, kisha gunia likatingishika mbele yangu. Kigae chekundu, kizima, mgongo wake una vumbi jeupe la chokaa linalotoka kwa kidole.

"Blanketi. Kiache. Zunguka, utoe jirani zake kwanza, kitalegea chenyewe."

Mama alikuwa na sikio. Kufikia jioni alikuwa akitamka jibu kabla ya fundi, na fundi akawa anathibitisha tu. Alifanya kazi mpaka mwanga ulipopungua. Alipotoka, vumbi lilikuwa limempaka nyusi, na alikuwa ametoa vigae ishirini na sita. Katika hivyo alikuwa amevunja vitatu, navyo alivitia mwenyewe kwenye gunia la vipande.

Alhamisi aliendelea. Yule bibi jirani alipita tena na ndoo kichwani, akamwona fundi chini ya dirisha akiwa ameinamisha sikio.

"Mkwe ameketi dirishani kwa mama mkwe mchana kweupe," alisema kwa barabara nzima, "na hakuna anayepiga yowe?"

"Napiga ramli, mama," fundi alimjibu. "Nakuona na wewe utapata mgeni."

Mchana ule baba alikuwa kwenye mkutano wa kuhama, chini kwenye uwanja wa mnada. Alirudi kama saa tisa. Alipita mbele ya fundi, akamsalimia kwa kichwa, akaingia sebuleni akaniruka mimi na gunia langu, akavua katambuga zake mlangoni na kuingia chumbani.   Nilimsikia akiburuta kitanda kwenda upande uliokwisha kung'olewa. Kisha, badala ya nyundo moja, tukasikia mbili.

Nyundo ya pili ilikuwa nzito na haikugonga kwa mpini kwanza. Baada ya dakika chache ulisikika mlio mkavu niliokuwa nimeuzoea sebuleni, na baada yake mwingine.

Fundi aliinua uso kuelekea kwangu kupitia mlango wa nje uliokuwa wazi. "Huyo wa pili hasikilizi," alinong'ona. "Na mimi siwezi kumwambia baba mkwe."

Mama alimwambia. Sikusikia maneno, nilisikia sauti yake tu, ile ya chini aliyokuwa akiitumia kumtuliza ng'ombe wakati wa kukamua. Baadaye nyundo nzito ilianza kugonga mara mbili kwa mpini, ikasimama, ikasubiri.

"Mtungi," fundi aliita, kwa furaha ambayo hakuificha vizuri.

Niliulizia baadaye kilichotokea mkutanoni, kwa kuwa baba hakukieleza. Niliwapata watu wawili waliokuwepo. Mmoja alisema maneno yalitoka kwa kijana wa kamati, mwingine alisema yalitoka nyuma na hakumwona msemaji, lakini maneno yenyewe waliyakumbuka sawa: kwamba balozi anatuambia tuwe sawa, na mkewe anahama na ikulu. Watu walicheka. Baba alisubiri wamalize. Halafu alisema, "Nendeni mkaitazame miguu yake kwanza, ndipo mje tuzungumze usawa." Akaendelea na orodha ya nani anapakia lini.

Ijumaa mchana chumba kilikwisha. Kulikuwa na vigae mia moja hamsini na sita mle ndani; vizima vilivyotoka ni mia moja na thelathini. Pamoja na vile vya maua, vilikuwa mia moja sitini na nane. Nilihesabu mara tatu, kwa mistari ya kumi, na fundi alihesabu mara moja kwa macho. Vilipungua kumi na viwili, mstari mmoja kamili.

Mama alisema mstari mmoja si kitu. Lakini aliliangalia gunia la vipande, na baba aliona alikokuwa akiangalia.

"Hilo gunia la takataka haliendi," baba alisema.

"Liko nje," mama alisema.

Hilo ndilo lilikuwa sharti lake, na yeye mwenyewe ndiye aliyeliweka. Jioni tulishusha mabati. Jumamosi asubuhi lori lilikuja, na gunia la vipande lilikuwa la kwanza kupakiwa, chini kabisa, mama akiwa amelisimamia. Kitanda kilitoka mwisho. Kilitoka mlangoni moja kwa moja hadi juu ya lori bila kugusa uani.

Kijijini kilishuka mbele ya nyumba mpya, na hapo kilikuwa na ruhusa ya kusubiri, kwa kuwa kilikuwa bado hakijaingia mahali. Chumba ambacho hakijaingia kitanda hakijawa cha mtu. Kwa siku mbili, wakati mabati yakipigiliwa juu yetu, mimi na fundi tuliingia na kutoka mle kama wajenzi wowote. Fundi alichanganya saruji ya kweli safari hii. Alikuja nayo mwenyewe kutoka Bomani, nusu mfuko, na hakumweleza mtu kwa nini alileta. Mama alielekeza. Alitaka kuanzia ukuta wa upande wake wa kitanda, na maua yawe hapo anaposhusha miguu asubuhi. Tulipata maua tisa kamili. Vigae viwili vya maua vilivyobaki aliviweka mlangoni vikitazamana.

Mstari wa mwisho, ule uliokosekana, ulikuwa kwenye ukuta wa pili, upande wa baba. Kati ya kitanda na ukuta huo palibaki nafasi finyu, na mtu akishuka kitandani alikuwa akikanyaga hapo hapo, kwenye udongo.

Nilisimama katikati ya chumba Jumatatu mchana, peku, kwa sababu nilijua sitasimama tena. Maua yalikuwa yamekaa sawa. Baadaye baba na mama walibeba kitanda wenyewe, mmoja mbele na mmoja nyuma, pazia likashushwa, na tangu siku hiyo chumba kile nimekijua kwa kusimuliwa.

Nilirudi Tarime. Niliporejea likizo ya Desemba mvua zilikuwa zimekwisha kunyesha na mahindi yalikuwa magotini. Nilimkuta baba ameketi kwenye kigoda mbele ya nyumba, mguu wake ukiwa juu ya mapaja ya mama. Mama alikuwa na pini mkononi na kichupa cha mafuta ya taa pembeni. Alikuwa akimchokoa funza. Alikuwa wa tatu wiki ile, mama aliniambia, na wote wametoka mguu wa kushoto, ule baba anaoutanguliza akishuka kitandani.

"Ardhi ni ileile," mama alisema, akiendelea kuchokoa.

Baba alitazama mahindi.

Kesho yake asubuhi nilimwona akiburuta lile gunia la vipande kutoka nyuma ya nyumba. Aliomba niende dukani kwenye kijiji cha pili kutafuta saruji, na saruji haikuwepo. Wakati huo haikupatikana kirahisi. Akachukua udongo wa kichuguu, akauchanganya na kinyesi cha ng'ombe na majivu, kama wanawake wanavyosiliba ukuta, na akaingia chumbani na karai. Alikaa humo mpaka adhuhuri. Mama alikuwa jikoni na hakwenda kumsaidia, ila mara mbili nilimwona ameacha kukoroga uji na kutega sikio.

Fundi alikuja kutusalimia kabla likizo yangu haijaisha, na mkewe, dada yangu. Baada ya chakula aliomba, kwa adabu, aruhusiwe kusikiliza sakafu. Alikwenda nje, akageuza debe, akakaa chini ya dirisha na kuupa mgongo. Mama aliingia na mwiko. Baba alikuwa tayari ndani, amejinyoosha kitandani.

Mama aligonga upande wake, kigae kwa kigae. Fundi alisikiliza, kichwa kimeinama.

"Blanketi," alisema. "Blanketi. Hapo pia. Imeshika, mama, hiyo itatuzika sote."

Kisha mama alizunguka kitanda. Tulisikia hatua zake, ule mguu wa kulia ukikanyaga kwa ukingo. Akagonga. Fundi alikunja uso, akaomba arudie. Akagonga tena, mahali pengine.

Fundi alinitazama, kisha akatazama chini. Alikuwa akitafuta namna ya kumwambia baba mkwe. Mwishowe alisema kwa sauti ya upole, kuelekea kwenye ubao wa dirisha, kwamba upande wa mzee ni mtungi mtupu.

 Halafu sauti ya baba ikatoka ndani, ya mtu aliyelala chali.

"Mwambieni fundi funza hawasikilizi mlio."

Na tulimsikia mama akicheka, na mpini wa mwiko ukigonga tena, polepole, mstari mzima wa vipande kutoka kona hadi kona.